Kopo la Maziwa Nyuma ya Mtungi

Binti yangu wa mwisho ana mtoto wa miaka miwili, na siku hizi akija kunitembelea hapa Mkumbara huja na mfuko mzima wa makopo matupu. Mwalimu wa chekechea amewaambia akina mama kwamba mtoto mdogo hahitaji vitu vya dukani. Mpe mifuniko, vikombe, ndoo ndogo na chupa za plastiki, mwache amimine, apange, afunike na kufunua, akili itachanua yenyewe. Binti yangu ananieleza haya kama mtu aliyekwenda kuyasomea ng'ambo. Mimi namsikiliza, nasema haya mwanangu, kisha naingia jikoni kucheka peke yangu. Wenzangu wa rika langu, tuliolelewa na bibi zetu huko Handeni, nani kati yetu alipewa kitu kingine cha kuchezea?

Ila wiki iliyopita sikucheka. Mjukuu wangu aliokota kopo lililofungwa, akaliweka sikioni, akalitikisa. Ndani mlikuwa na mchanga ambao mama yake aliutia makusudi. Ulikuwa mlio wa mchanga mkavu ukipiga bati. Nilimnyang'anya mtoto lile kopo, tena kwa nguvu, naye akaangua kilio. Binti yangu akaniangalia kwa jicho la kusema mama sasa amezeeka. Jambo hilo nimekaa nalo mpaka nimeona afadhali niliandike.

Aliyetulea ni Bibi, mama yake mama. Mama alifariki siku aliyozaliwa mdogo wangu Zaina, wakati mimi bado sijaanza kung'oka meno ya utoto. Baba alikuwa mkata mkonge katika mashamba ya huku Korogwe. Alifika msibani akiwa amechelewa siku mbili, mikononi ana kopo kubwa la maziwa ya unga kwa ajili ya kichanga, akakaa wiki moja, akarudi kazini. Hatukuwa na chuki naye, ila alikuwa baba wa kuja na kwenda. Maziwa ya kopo yalipokwisha, Zaina akahamia kwenye maziwa ya mbuzi na uji mwepesi, na Bibi akalisugua kopo lile kwa majivu ndani mpaka likang'aa. Lilikuwa na mfuniko wa bati wa kubana, ambao haufunguki mpaka uuchokoe kwa mpini wa kijiko. Ubavuni lilichorwa mwanamke amempakata mtoto, anatabasamu.

Tulikaa mbali na watu, kama Wazigua wa zamani walivyopenda kukaa: nyumba tatu, mahindi, mihogo, kisha pori. Mama alizikwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlango wa uani. Kila Ijumaa asubuhi Bibi alikwenda kulifagia kaburi. Alifagia kama anayefagia chumba cha mgeni, akayaweka sawa yale mawe mawili, la kichwani na la miguuni, akaomba dua, akarudi kutupikia bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mlenda. Nilipomuuliza mama yuko wapi, alinijibu, "Amepumzika huko nyuma." Mimi nikaelewa kama nilivyoambiwa. Mtu anayepumzika siku moja huamka.

Basi Bibi, mwenye shamba, mbuzi na watoto wawili wasio na mama, alitulea kwa vyombo. Akianza kutwanga alitandika mkeka kando ya kinu na kuturushia juu yake nusu ya nyumba yake. Kulikuwa na vibuyu vitano, kuanzia kile cha maji nilichokikumbatia kwa mikono miwili hadi kile cha ugoro kisichozidi ngumi, na kazi yangu ilikuwa kuvipanga mstari kutoka baba hadi kitinda mimba. Zaina, ambaye hajajua hata kutambaa vizuri, alikuwa akitumbukiza kifuu ndani ya chungu kisha anashangaa kifuu kimekwenda wapi. Kulikuwa na mifuniko iliyochanganywa, na kila mmoja ulitaka chombo chake. Kulikuwa na kunde za kumimina kutoka kikombe cha bati kwenda kwenye kata na kuzirudisha, na ukiangusha tatu unaokota tatu, si mbili. Mpaka leo nikimimina mafuta kwenye kibatari sidondoshi hata tone, na sikufundishwa hilo na mwalimu yeyote mwenye cheti.

Mchezo niliougombania kuliko yote ulikuwa wa kutikisa. Bibi alitugeuzia mgongo, akaficha kitu ndani ya kopo au kibuyu, akafunika, akanipa.

"Haya mke mwenzangu," aliniita hivyo, kwa utani wa bibi na mjukuu, "humo mna nini?"

"Kunde."

"Kunde gani zinalia nzito hivyo? Tega sikio."

"Mahindi!"

"Umesema?"

"Nimesema."

Hapo tu ndipo niliporuhusiwa kufungua. Sheria yake ilikuwa moja na haikuwa na mjadala. Ukipatia, kilichomo ni chako, ukitafune au ukifanye utakavyo. Ukikosea, unakimwaga chote chini hapo hapo, chombo kinabaki kitupu, mchezo unaanza upya. Niliipenda sheria ile. Nilikuwa mtoto mbishi, lakini kwa Bibi nilikosea na kumwaga bila kununa.

Na nilikuwa na ujanja wangu ambao sikumwambia mtu. Makopo ya dukani Handeni mjini yalijieleza yenyewe. Kopo la nyanya lilikuwa na picha ya nyanya, la samaki lilikuwa na picha ya samaki. Sikujua kusoma, lakini picha nilizisoma.

Kisha ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa. Ninyi mliokuwepo hamna haja ya kuelezwa, na msiokuwepo waulizeni wazee wenu, kila mmoja atawaambia lake. Kwetu habari ililetwa na Mjomba Salehe, mtoto wa kiume wa Bibi, aliyekuwa kwenye kamati ya kijiji. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba tukikaa pamoja tutapata shule, zahanati na maji ya bomba, na shule nilikuja kusoma kweli. Aliongea sana jioni ile, Bibi akimsikiliza huku anachambua mchicha.

"Na huyu je?" Bibi aliuliza mwishoni, akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba.

"Mama, waliolala wamelala. Tutakuja kuwazuru."

"Na njia ikifungwa?"

Mjomba akatazama chini. "Haitafungwa."

Lori lilikuja asubuhi, na siku ile mambo yote yalikwenda mbio. Godoro la sufi, kinu, kuku waliofungwa miguu, mtungi uliofungiwa kanga usivunjike. Mimi nilikuwa nimeshapandishwa juu nilipomwona Bibi anakwenda nyuma ya nyumba na kijembe kifupi na lile kopo la maziwa. Dereva alipiga honi mara mbili. Bibi akaja anatembea taratibu, magoti yamejaa vumbi jekundu, kopo amelikumbatia, mfuniko umebanwa.

"Humo mna nini?" Mjomba akamuuliza.

"Mbegu."

Mjomba aliyatazama yale magoti, kisha akampa mkono apande. Aliposhakaa nilimsogelea na kumnong'oneza, "Na mama?"

"Tunakwenda naye," akasema.

Nilifurahi mno. Njia nzima nilikuwa nachungulia nyuso za wanawake waliokaa juu ya mizigo, mmoja baada ya mwingine. Sikumwona, nikajiridhisha kwamba atakuwa amekaa mbele na dereva, kwa kuwa alikuwa ametoka kupumzika.

Kijiji kipya kilikuwa upande wa Misima, nyumba zimepangwa kwa mistari kama madaftari, udongo wake mweusi wa kunata. Kengele ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa kwenye nguzo, kikigongwa watu wazima walikwenda shamba la kijiji. Bibi alisamehewa kwa ajili ya umri na kwa ajili yetu. Kila kitu ndani ya nyumba kilipata mahali pake haraka, na kopo la maziwa likapata pake, nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi na giza kidogo. Tuliambiwa lile si la kuchezea. Bibi hakuwahi kutukataza chombo chochote kabla ya hapo, hata chungu chake cha mchuzi. Mnajua wenyewe mtoto akikatazwa kimoja anavyokuwa.

Asubuhi moja, majogoo wanawika, niliamka nikasikia Bibi anaongea na mtu. Niliinua shuka kidogo. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mtungi, kiganja chake kimelala juu ya mfuniko wa kopo kama unavyomshika mtu paji la uso kujua kama ana homa. Aliongea Kizigua, kwa sauti ya chini, sauti ya kumhudumia mgonjwa.

"Kumekucha, mwanangu. Sote wazima. Zaina ameota jino la nne. Huyu mkubwa ana kikohozi, lakini anakula. Usihuzunike, hatukukuacha."

Kisha akainuka, akachukua ufagio, akatoka kufagia uwanja.

Mimi nilibaki nimelala. Huyo aliyeitwa mwanangu na Bibi alikuwa mama. Bibi alisema tunakwenda naye, na kweli tulikuja naye. Kopo lile lilichorwa mama amempakata mtoto, na nimeshawaambia makopo yalikuwa yakijieleza. Nililifikiria jambo lile upande huu na upande ule, na kwa akili yangu ya wakati ule halikuwa na tundu hata moja. Mama yumo ndani ya kopo. Sikuogopa. Nilichokiona ni wivu, tena mkali, kwamba kumbe siku zote Bibi amemfungia na anaongea naye peke yake.

Nilivumilia siku tatu au nne. Nilikuwa nakwenda nyuma ya mtungi kama nachota maji, nanong'ona karibu na bati, "Mama, ni mimi," kisha natega sikio. Hakujibu. Nikasema labda hasikii kwa sababu ya mfuniko.

Siku yenyewe Bibi alikwenda kisimani mchana, akaniachia Zaina na mkeka wa vyombo. "Cheza na mwenzio, nisikute mtu analia." Nilimsubiri apite nyumba ya tatu. Nikaingia ndani, nikalitoa kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Nilikaa nalo mkekani, Zaina ananitazama na kata yake ya maji mkononi, nami nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikaliweka sikioni. Nikalitikisa, polepole, nisimuumize. Kikalia kitu kikavu, kinatambaa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Nikajiuliza kwa sauti ya Bibi, humo mna nini?

Nikajibu, mama.

Nikachokoa mfuniko kwa mpini wa kijiko. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu, vijiwe vidogo na kijizizi kimoja kilichokauka. Nikaingiza mkono hadi chini. Udongo tu.

Mnaweza kunicheka, lakini nilichokisikia hapo ni aibu ya mtu aliyeshindwa. Nilikuwa nimekosea. Nilidhani Bibi amecheza kama anavyocheza siku zote, ametugeuzia mgongo akaweka kitu kingine. Na aliyekosea humwaga. Kwa hiyo niliinuka, nikaliinamisha kopo lile, nikaumwaga udongo wote uwanjani mpaka likabaki tupu, nikaligonga matako ili hata vumbi litoke.

Kisha nikaanza kumtafuta mama kwingine. Nilifungua kila kilichokuwa na mfuniko katika nyumba ile. Kulikuwa na chumvi. Kulikuwa na majivu ya kuhifadhia kunde. Katika kilindo, kile chombo cha gome la mti Bibi alichowekea mbegu, kulikuwa na mbegu za maboga. Niliacha vyote wazi. Niliporudi nje, Zaina alikuwa ameumwagia udongo ule maji ya kata yake, anaukanda, anaujaza kwenye vifuu na kuupindua kama maandazi, anacheka peke yake. Kuku walikuwa wamefika na kuparura ukingoni. Midomo ya Zaina ilikuwa myekundu.

Bibi alirudi na ndoo kichwani. Aliona uwekundu ule juu ya udongo mweusi kutoka mbali, kwa sababu alisimama njiani kabla hata hajafika. Kisha akaja, akatua ndoo, akalitazama kopo lililolala ubavu.

"Nani amefungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilisema mama," nikamwambia, na hapo nikaanza kulia. "Nikakosea."

Nilitegemea kofi. Badala yake Bibi alikaa chini, palepale kwenye vumbi, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila kigoda au mkeka. Akanivuta kwa mkono.

"Hukukosea, mjukuu wangu," akasema. "Ulipatia."

Kisha akanieleza, kwa maneno machache, kwamba mama hakuwa amelala wala hakuwa safarini. Amekufa, amezikwa, na mtu aliyezikwa asipofagiliwa na ndugu zake anakuwa kama asiye na watu. Bibi alimuahidi alipokuwa anakata roho mikononi mwake kwamba hatamwacha peke yake. Udongo ule wa juu ya kifua chake ndio ulikuwa ahadi yenyewe. Nilimsikia, na nilielewa jambo moja tu. Nilikuwa na mama ndani ya nyumba, na mimi kwa mkono wangu nimemmwagia kuku.

Bibi alileta ungo na chekecheke. Alijaribu kuuchambua udongo mwekundu kutoka kwenye mweusi, konzi kwa konzi, mimi nikiwafukuza kuku kwa fimbo na kulia. Haikuwezekana, ulishakuwa tope la rangi moja, kahawia. Alipomfikia Zaina alimpakata, akamshika kidevu, akautazama mdomo ule. Aliinua ncha ya kanga ili amfute, kisha akaishusha. Hakumfuta.

Mjomba Salehe alitukuta hivyo alipotoka shambani. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe ndizo zile mbegu," alisema. "Mama, dini hairuhusu kusema na udongo. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu ni dada yangu. Sasa yameisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Huyu si maji," akasema Bibi. "Kesho nakwenda."

"Kule hakurudiwi! Wanaorudi wanaletwa na mgambo. Mimi ni mtu wa kamati, mama. Watasema nini?"

"Waambie mama yako ana kichaa. Utakuwa hujasema uongo mkubwa."

Mjomba akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga.

Tuliondoka alfajiri, Zaina tumemwacha kwa jirani. Bibi alisema mimi ni lazima niende, kwa kuwa aliyemtoa ndiye wa kumwomba radhi. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, na siku ile mjukuu alikuwa anatembea kwa miguu yake, amebeba kopo tupu kichwani. Tulipita njia za mbuzi kukwepa barabara. Nami njia nzima nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kwamba tukifika mama atakuwa amekasirika.

Jua lilikuwa juu tulipofika, na nilidhani tumepotea. Nyumba hazikuwepo. Nyasi za paa zilichomwa ili watu wasirudi, na mvua za masika zilizofuata zikaziyeyusha kuta za nyumba zote tatu, zikabaki chuguu zilizoota majani. Majani yenyewe yalimzidi Bibi kimo. Aliingia humo akiyatenga kwa mikono kama anayeogelea, akatoka upande wa pili, akaingia tena.

"Mlango wa uani," alikuwa anasema. "Mlango wa uani ulikuwa hapa."

Akasimama penye chuguu moja, akahesabu hatua ishirini. Akapekua kwa mguu, hakuna jiwe. Akarudi, akaanza tena kutoka chuguu ya pili, ishirini, akapiga magoti, akapapasa kwa mikono. Ngiri walikuwa wamefukua huko na huko, na mawe yalikuwepo kila mahali na hayakuwepo popote. Alihesabu mara ya tatu. Mara ya nne sauti yake ilianza kukatika katikati ya hesabu, na nikamwona Bibi yangu, mwanamke aliyejua kila mfuniko na chungu chake, anazunguka mahali pamoja amefumba macho.

Kisha akasimama. Akafumbua macho, akatazama miguu yake ilipo.

"Ndipo hapa," akasema.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa huku Korogwe, nilikwenda kumuuguza katika ugonjwa wake wa mwisho, na nilimuuliza. Aliniambia kweli. Hakupaona. Alisema ilikuwa ama aondoke na kitu au aniache mimi nikue nikijua nimempoteza mama yangu mara ya pili, na Mungu atamsamehe kwa konzi chache za udongo. Aliniambia pia kwamba Mjomba, siku ile ile, alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi akasema mama yake amepelekwa hospitali pamoja na mjukuu, na alikaa na uongo huo mpaka akaingia nao kaburini. Zaina hakuwahi kuambiwa lolote. Ana watoto watano, na kila mimba yake alikula udongo kama wanawake wengine wanavyokula, na kila mara niliondoka chumbani kwa kisingizio fulani. Sijui alichokula siku ile kilimfanya nini. Nadhani hakikumfanya kitu, lakini siwezi kumtazama.

Lakini mchana ule sikujua lolote kati ya haya. Nilimwona Bibi anapiga magoti, anachimba kwa kijembe, anajaza kopo, anaubana mfuniko kwa kiganja. Akaliweka chini mbele yangu, upande wenye picha ukiwa umenielekea.

"Msalimie mama yako," akasema. "Umwombe radhi."

Nikachuchumaa. Niliinamisha kichwa mpaka kitambaa changu cha kichwani kikagusa majani, kwa sababu sikuthubutu kutazama.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Nisamehe, sikujua ni wewe."

Nikasubiri. Niliona amekasirika kweli na hatanijibu, na machozi yakaanza kunidondoka.

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, laini, iliyochoka kidogo. Haikuwa sauti ya Bibi niliyoizoea, ile ya kukwaruza ya mvuta ugoro. Nilipoinua kichwa Bibi alikuwa ameshanipa mgongo, anajifunga kanga kiunoni, ananihimiza tuondoke kabla jua halijatuacha njiani.

Najua ni Bibi aliyeitika. Nimelijua hilo tangu nilipopata akili ya utu uzima, na sina haja ya mtu kuniambia. Nadhani aliisema kama alivyomkumbuka binti yake anavyosema, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, mara moja tu, kisha hakuirudia tena hadi anakufa. Sina picha ya mama, wala siukumbuki uso wake. Hiyo ndiyo sauti ya mama niliyo nayo, na bado huitikia.